Wino wa Samawati

Siku ya kwanza tulishuka mtoni na utepe wa kupimia.
Kerubo ameshika ncha, mimi daftari,
Lemayian kasimama ng'ambo na fimbo yake yenye milia myekundu,
na mto Ngong katikati yetu, mweusi
kama turungi iliyosahauliwa jikoni.

Shindano lilitaka karatasi mbili, kila moja upana wa meza,
maelezo ya maneno mia mbili, yasizidi,
na majina yetu yasionekane popote.
"Buni mahali pa kupumzika," ndivyo walivyoandika.
Basi tukabuni.

Wiki tatu taa za studio hazikuzimwa.
Tukachora njia iliyopinda kama shingo ya korongo,
benchi kumi na mbili, chemchemi,
safu ya mijakaranda inayochanua mwaka mzima.
Kompyuta ikatupa watu wa kupandikiza kwenye nyasi:
mwanamume wa nywele za dhahabu na mbwa mweupe,
mtoto na puto,
mabibi wawili ndani ya makoti ya theluji.
Tukawapanga hapo Mukuru, kando ya maji,
kama wageni waliokosea harusi.

Mhadhiri wetu, Bi Nasambu, akapita na kikombe chake.
Kuhusu benchi hakusema kitu.
Aliweka kidole juu ya mchoro, akauliza,
"Huyu mbwa anaitwaje?"
Akaenda zake.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri,
tulirudi bila utepe. Tukahesabu miguu.
Watu mia nne na sita kabla jua halijakaza,
wakienda viwandani, mikono mifukoni,
wakikata moja kwa moja
kutoka daraja la mbao hadi ukuta ulipobomoka.
Hakuna hata mmoja aliyepinda.

Na pale penye chemchemi yetu
Mama Syombua alikuwa ameinama kwenye nduma zake,
matope hadi magotini.
"Mnapima tena?" akasema, bila kuinuka.
"Wa mwaka juzi walipima, wakarudi na tingatinga."

Nilikuwa na jibu.
Nilikuwa na maneno mia mbili ya jibu.
Nikayameza. Nikamuuliza nduma hutaka maji kiasi gani.

Hapo akainuka.
Kwa mpini wa jembe akatuonyesha ukutani
mstari wa taka ambapo mto hufika Aprili.
Na kupumzika je, mama?
Akacheka. "Si hapo, kwenye debe,
saa saba, kivuli cha ukuta kikinifikia."

Tukafuta. Njia ikanyooka.
Chemchemi ikaondoka, hakuna aliyeililia.
Benchi zikabaki tatu, zote zikifuata kivuli cha saa saba.
Mbwa na mwenye mbwa tukawarudisha kwao.
Kerubo alichora debe kwa mkono, mara saba,
hadi likakubali kuwa debe.

Kisha siku yenyewe. Mwisho saa kumi na moja jioni,
na saa kumi tuko ghorofa ya pili, River Road,
kwa Gichohi mwenye mashine.
Mashine ikakohoa. Gichohi akaipiga kofi la mgongoni.
"Samawati imeisha," akasema, kama anayetaja bei.

Karatasi ikatoka polepole, ulimi wa ng'ombe:
nyasi za manjano, nyasi za Januari,
majani ya nduma yenye rangi ya kutu,
na mto, ule tuliokuwa tumeupaka buluu kwa adabu,
umetoka mweupe. Hakuna mto.
Kingo mbili zinatazamana.

Kerubo akakaa sakafuni.
Mimi nikaanza kuhesabu nauli ya kwenda duka jingine.
Lemayian hakusema neno.
Alichukua kikombe cha Gichohi, kilichobaki na masimbi,
akachovya kidole, akauvuta mto
kutoka pembe ya juu hadi chini, pumzi moja.
Darajani ulitulia. Penye ukuta
ukamponyoka, ukafurika kidogo upande wa nduma,
kama Aprili.

Hatukuupangusa.
Saa kumi na dakika arobaini.
Tukaishika karatasi kwa pembe zake nne,
mto ukiwa bado mbichi, tukashuka ngazi.