Mita Arobaini na Tatu

Abitibi, kaskazini mwa Kebeki, mwezi wa kumi.
Misonobari imesimama kando ya barabara
kama watu waliowahi msibani, hawajui wakae wapi.
Solène Bordeleau, mwaka wa pili wa uhandisi,
amepewa kofia ngumu iliyomzidi kichwa,
kizibao cha chungwa chenye jina la mwanafunzi aliyemtangulia,
na kipimajoto kirefu kama spoku ya baiskeli.

Kazi yake ni moja:
lori likifika apande, achome lami, asubiri, asome, aandike.
Chini ya mia na ishirini, lori lirudi lilikotoka.
Ndivyo kitabu kinavyosema.
Kitabu hakijawahi kusimama hapa saa kumi na moja jioni,
upepo ukikata masikio,
wanaume kumi na mmoja wakimtazama msichana mmoja.

Wiki ya kwanza walimtuma alete spana ya kukazia mteremko.
Alizunguka nusu saa,
kila mtu akimwelekeza kwa mwenzake.
Wiki ya pili alicheka nao.
Wiki ya tatu Normand, nyapara, alimfundisha
kusikiliza kokoto chini ya rola:
zikilia kama karanga kikaangoni, bado;
zikinyamaza, zimekubali.

Lori la mwisho lilikuwa la Gaétan.
Treni ya magogo ilikuwa imemfungia njia dakika arobaini.
Solène akapanda. Akachoma.
Mia na kumi na tatu.
Akachomoa, akapangusa, akachoma kwingine,
kama mtu anayerudia swali kwa sauti ya upole
akitumaini jibu litaona haya.
Mia na kumi na tatu.

Hakuna aliyemwambia adanganye.
Tuseme kweli: hakuna.
Normand alitazama mawingu.
Gaétan alizima redio.
Mtu fulani akasema kesho theluji,
kiwanda cha lami kinafungwa mpaka masika.
Na ile kalamu, nyepesi kama unyoya,
ikaandika mia na ishirini na moja.

Na ishirini na moja!
Hata uongo wake ulikuwa na haya.

Mashine ikameza, ikatandaza. Rola ikapita, ikarudi, ikapita.
Kokoto zililia mpaka taa zikawashwa.
Hazikunyamaza.

Chuoni aliandika ripoti ya mafunzo, kurasa thelathini na moja,
michoro ya rangi, viambatisho.
*Eleza changamoto ulizokutana nazo.*
Akaandika: hali ya hewa.
Akapata tisini na mbili kwa mia.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga wetu.
Hii ilikuwa mita arobaini na tatu.
Alizihesabu mwenyewe kwa hatua, mwezi wa tano,
jalidi ilipoiachia ardhi:
lami imemomonyoka punje punje, kama mkate wa juzi.
Basi la shule likapita, likazama, likainuka,
watoto wote wakarushwa juu pamoja
na kushangilia.

Kiangazi alirudi kwa muhula wa pili wa kazi.
Normand alikuwa na orodha ya viraka.
Mashine ilikwangua katikati; kingo ziliachiwa sururu.
Akampa moja. "Anza pale," akasema.
Hakuuliza. Hakueleza.
Pengine hakukumbuka. Pengine alikumbuka yote.

Saa nne akafika mwanafunzi mpya, Ludovic,
kofia imemzidi kichwa,
mgongoni kwa wino uliofifia: *Bordeleau*.
Akasimama ukingoni mwa shimo, kipimajoto mkononi.

"Ikisoma mia na kumi na tisa?"

"Irudi."

"Na wakinitazama?"

Solène akapigilia sururu,
kipande kikang'oka, chepesi mno kwa ukubwa wake.
"Watakutazama," akasema,
akakirusha kando, akaendelea kuchimba.