Mkokoteni Haumo Kwenye Picha

Ukurasa wa thelathini na mbili, Sayansi.
Bahari imepakwa buluu, jua lina miale kama meno ya kitana,
vishale vyapanda, wingu laja, mvua yashuka,
mto wateremka hadi bomba, bomba hadi kikombe,
na mtoto mmoja mnene anakunywa huku anacheka.
Mbodze akanisukumia kitabu chini ya taa:
"Baba, we uko wapi hapa?"

Nikatafuta.
Mimi niliyeamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya kioski,
niliyepandisha mitungi kumi na sita kutoka Kongowea
hadi Kisimani, mahali ambapo sijawahi kuona kisima,
simo.
Kati ya bomba na kikombe wameacha uwazi mweupe,
upana wa kidole.
Nikamwambia, hapo. Hapo peupe ndipo kazini kwangu.

Mwaka huu yuko Gredi ya Tano
na mkoba umezidi uzito; nimeubeba, mimi najua mizigo.
Mie niliishia la nne, kwenye kugawanya kwa njia ndefu,
baki ikanibakia mpaka leo.
Yeye huzichukua lita mia tatu na ishirini
akazigawa kwa nyumba kumi na moja za jengo la Mama Rukia,
akatia nukta, akaendelea ng'ambo ya nukta,
pale ambapo mimi ningemwaga chini.
"Desimali," asema.
Kumbe tone lina jina.

Kiingereza nacho kina mambo.
Eti maji hayahesabiki.
Nilicheka hadi Dama akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Aje basi mwenye lugha yake asimame nami
siku ya tatu mabomba yamekauka,
aone kama hayahesabiki.

Kwenye insha ya Kiswahili alipigwa duara jekundu.
Aliandika *madzi*.
Ndilo neno la bibi yake kule Kaloleni,
ndilo linalotutoka sisi tukishikwa na kiu kweli.
Mwalimu Nyamvula akaandika pembeni: maji.
Halafu chini yake, herufi ndogo kama sisimizi:
hata kwetu ni *madzi*.
Sikumlaumu. Nililitazama lile duara muda mrefu,
lilikuwa kama mdomo wa mtungi.

Ramani ndiyo iliyonichosha.
Kidole chake kilianzia Mzima, kikapita Voi, kikapita Mazeras,
kilomita zaidi ya mia mbili ndani ya bomba,
mpaka kwenye kioski cha Katana
ambacho ramani haikijui.
Kumbe yananifikia yakiwa yamechoka kuniliko.

Sanaa sijui niseme nini.
Alisuka kikapu kwa kamba za katoni, kikaegemea upande.
Natia sarafu humo.

Jana alilipima gurudumu langu kwa uzi wa kushonea,
akaulaza uzi kwenye rula mara sita na kipande:
sentimita mia moja themanini na tisa, mzunguko mmoja.
Kilomita tatu kwenda. Safari nne kwa siku. Toa Jumapili.
Anzia mwaka aliozaliwa yeye.
Akazidisha hadi ukingo wa karatasi, akageuza,
namba ikaendelea nyuma.
Nilipokuwa nikimngoja nikakifungua tena kile kitabu.
Pale peupe, kati ya bomba na kikombe,
palikuwa na kivuli cha penseli: magurudumu mawili
na kijimtu kilichoinama.
"Nilikufuta," akasema bila kuinua kichwa.
"Kwenye mtihani haumo."

Kisha akaiweka kalamu chini.
"Baba, hizi ni mamilioni. Mamilioni hatujafika,
ni muhula ujao."
Nikamwambia asiharakishe.
Namba yenyewe bado yaongezeka.