Wimbo Uliokatwa New Haven

Bwana Zelnick alihesabu kwa vidole vya mguu,
maana vya mkono vilikuwa kazini, juu ya piano.
Niliona siku ya kwanza, nilipomvua soksi
nimpake mafuta: kidole gumba kikapiga sakafu
mara nane, kikatulia, kikapiga tena nane.
Nikamwambia, hizo kwetu ni mizani.
Nikamweleza maana. Akacheka: mizani kama ya bucha?

Ukutani, Mtaa wa Orange, mabango kumi na moja.
Majina ya waigizaji yamejaza karatasi;
lake liko chini, jembamba kama uzi wa meno.
Nchi nzima iliimba maneno yake harusini
bila kujua kwamba yana mwenyewe.
Dereva wa teksi aliwahi kumwimbia wimbo wake,
akakosea ubeti wa pili.
Mzee akatoa bakshishi, akashuka.

Lakini hizo zilizosifiwa hakuzizungumza.
Alizungumza mmoja tu, uliokatwa papa hapa,
Februari, mchezo ukiwa bado wa majaribio
kabla ya kupelekwa New York.
Theluji magotini. Mwongozaji, Dunleavy, na penseli nyekundu:
"Mama huyu anatuchelewesha."
Dakika tatu na nusu, mama anakunja mashati
ya mwana aliyehama. Basi, hakuna zaidi.
Corinne Vasbinder alikuwa ameshavaa aproni.
Akaivua, akaitundika msumarini,
akasema, ndiyo kwanza nilikuwa nimeuelewa.

Miaka hamsini na minne akaurekebisha
nyuma ya risiti za duka la dawa,
nyuma ya kadi za kliniki, mara moja kwenye bandeji.
Kina kimoja kilimshinda. Mstari wa mwisho
ukaning'inia kama nguo iliyokosa kibanio.

Jioni moja alinionea wivu.
Kwenu kila neno huishia kwa irabu! Milango wazi,
apitaye aingie! Mimi nabisha hodi kwenye konsonanti
tangu nina miaka kumi na tisa.
Nikamjibu, ndiyo maana kwetu kina peke yake hakisifiwi.
Bi. Zulekha, darasa la sita, alinirudishia shairi zima
kwa silabi moja iliyozidi.
"Moja?" akauliza.
Moja.
Akageukia dirisha, supu ikapoa.

Machi, saa kumi alfajiri, kengele yake.
Nilikimbia na kipima presha. Kumbe mzima,
amekaa kitandani, miwani juu chini.
Sikitafuti tena, akasema. Kisije.
Mama asimalize. Mdomo ubaki wazi.
Akafuta maneno matano, akalala hadi adhuhuri.

Mpwa wake alikuja Mei na maboksi na orodha.
Mashati nikaachiwa mimi, niyapeleke kwa wahitaji.
Nimeyapanga juu ya piano, na kwa kuwa hakuna mtu
nimejaribu kumtia yule mama katika lugha yangu,
kidole gumba changu sakafuni, nane kwa nane.
Bi. Zulekha atanisamehe, au hatanisamehe:

Shati la mwana nakunja, kola yake naigusa,
Jasho lake ningeonja, sabuni imelitosa,
Ahadi hakuivunja, ila njia kaikosa,
Nami ningali nakunja