Punda Hana Kesi

Waliouita pepopunda walimwonea punda.
Nasema mimi, binti wa muuza maji,
niliyesomeshwa na mgongo wa Debe,
punda wetu wa kijivu, sikio moja limechanika,
aliyepanda mteremko wa Rhonda na mitungi kumi
kabla Nakuru haijanawa uso.

Kaka yangu alikuwa hajapewa jina.
Alizaliwa Aprili, mvua ikipiga mabati.
Wembe ulitolewa dirishani,
kitovu kikafungwa kwa uzi wa gunia,
juu yake, kwa mapenzi matupu, jivu na samadi kavu,
kama alivyofanyiwa Gogo, na mama yake Gogo.

Siku nne alinyonya kama ndama.
Ya tano akakataa titi.
Hapana, hakukataa:
kinywa kilifungwa na mtu asiye na mikono.
Mgongo ukapinda,
ngumi zikakaza kitu tusichokiona,
na kila bawaba ya mlango ilipolia
alikakamaa upya.
Gogo akasema, pepo.
Akamtazama Debe kwa jicho baya.
Baba akaenda kumfunga kwa Gichohi, fundi baiskeli,
na wiki ile, sisi wauza maji,
tukanunua maji.

Kisha mimi nikiwa darasa la saba
msumari wa mkokoteni ukamchoma Baba kisigino.
Tundu dogo, hata damu ilitoka kwa aibu.
Alitia mafuta ya taa, akaendelea na kazi.
Kidonda kilipona.
Kilipokwisha kupona ndipo ugali ulipomshinda,
taya likagoma, uso ukavaa cheko
ambalo halikuwa lake.

Walimlaza chumba chenye pazia nene.
Sista Nafuna aliingia na soksi, viatu mkononi,
maana mlio wa kisigino sakafuni
ulitosha kumvunja mgonjwa mgongo.
Na akili yake timamu, jamani. Alisikia yote.
Wiki tano.

Siku ya kutoka, sista akaja na sindano.
Baba akacheka, cheko lake mwenyewe sasa:
"Nimeugua hadi nikakonda, bado chanjo?"
"Kuugua hakukulipii," akajibu.
"Udongo haukumbuki kwamba mmeshapigana."
"Basi wachanjwe majirani, nitajificha nyuma yao."
Sista akaketi ukingoni mwa kitanda.
"Surua ni umbea, Mzee Kibowen,
hupita mdomo hadi mdomo;
wakinyamaza wengi, unakufa njaa njiani.
Huu haupiti kwa mtu. Hakuna aliyekuletea.
Umelala mchangani, kwenye kinyesi, kwenye ua wako uliofagiwa,
na unajua kungoja.
Jirani hawezi kukuchanjia,
kama asivyoweza kukulia ugali."
Baba akakunja mkono wa shati.

Leo niko kwenye benchi la kliniki, miezi sita,
kijitabu kimepinda ncha kwa jasho.
Mama wa pembeni ananong'ona:
shemeji yake kamwambia sindano hii hufunga kizazi.
Nataka kumjibu kwa takwimu, sina.
Ninacho kijeneza cha sanduku la sabuni,
na Mama akikamua maziwa ukutani, kimya,
kwa kuwa matiti hayakuwa yameambiwa.
Namwambia hicho tu.
Hasemi kitu. Lakini hainuki.

Nami naweza jambo ambalo jirani hawezi:
kinga yangu itavuka kwa mtoto,
kupitia kitovu kilekile,
mlango uleule.
Ndiyo maana nimerudi kwa dozi ya pili,
ya kwanza ikiwa peke yake ni mkokoteni wa gurudumu moja.

Usiku mkono unauma kidogo.
Nalalia upande wa pili.
Ndani mtu anarusha teke,
na Baba, nikimsimulia asubuhi, anatua mtungi
na kusema kwa fahari, "Huyo ni Debe."
Jina tumekwisha kumpa.
Hatungojei siku ya nane.