Rangi ya Ijumaa

Tumeshuka kwa njia ya viti vya magurudumu,
mama mbele, mimi nyuma nimekaza mikono
mteremko usitutoroke.
Miaka hamsini na mmoja ameishi hatua mia mbili toka mto Besòs,
dirisha la jikoni kaliziba kwa gazeti na gundi.
"Kuna nini huko chini," alikuwa akisema,
"ila kunuka?"

Leo kanusa mara moja, akanusa tena,
akanitazama.
"Umekosea njia, Chelo."

Sikukosea. Ni nyasi zilizofyekwa, ni matete,
ni vijana wa baiskeli wanaopiga kengele
wakishatupita, isipokuwa na kazi tena.
Ng'ambo, ghorofa zimeanika shuka,
treni inavuka daraja na hakuna abiria anayeinua kichwa.
Chini ya daraja, kwenye maji yasiyofika gotini,
korongo wa kijivu,
kasimama kama karani aliyefika kabla ofisi haijafunguliwa.

Kuna mzee mwenye darubini, Bwana Eudald,
daftari lake kalifunga kwa mpira wa nywele.
Anahesabu. Kila wiki siku hii anahesabu:
bata kumi na tisa,
mdiria mmoja, buluu, kapita kama neno lililoponyoka mdomoni,
na alfajiri, mchangani, unyayo wa fisi-maji,
aliopiga picha kumi na moja
na zote akatuonyesha.

Mbele kidogo pana kibao cha kumbukumbu.
Namsomea, maana miwani imebaki nyumbani:
mashamba ya maharage ya zamani,
mafuriko yaliyobeba watu usiku wamelala,
na mstari mmoja, wa pili toka mwisho.
Viwanda viliuchafua mto.

"Soma tena."
Viwanda viliuchafua mto.
"Viwanda," mama akasema, "vina mikono?"

Kisha, bila kuulizwa, macho yako kwa korongo:

Mimi. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni,
msimamizi akishaniachia funguo,
mimi ndiye niliyekuwa nafungua bomba.
Mapipa ya wiki nzima.
Tukitia rangi mapazia, mto wa kijani.
Tukitia sare za shule, buluu.
Desemba ulikwenda mwekundu hadi baharini,
na baba yako, akinisubiri darajani na pikipiki ya kuazima,
alijua nimemaliza kazi kwa kutazama chini.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Jaén
na sanduku la kufunga kwa kamba.
Nilidhani maji yanakwenda.
Hakuna aliyeniambia kwamba maji yanafika.

Bwana Eudald hilo hakuliandika.
Aliuvua mpira wa daftari, akaurudisha.
Nikangoja neno, la hasira au la msamaha.
Badala yake alimvisha mama darubini shingoni,
akaurekebisha ukanda polepole,
kama anayetoa nishani asiyo na uhakika nayo.

Mama aliona kope zake mwenyewe. Akaona treni.
Akaona — "Ah. Ana jicho la njano."

Ndipo taa za tahadhari zikawaka.
Hapa jua kali, lakini milimani mvua,
na sauti ya mwanamke katika vipaza sauti,
Kikatalani kwanza, Kihispania baadaye,
ikiomba kila mtu apande, malango yanafungwa.
Baiskeli zikapanda. Mbwa wakapanda na wenyewe.
Nikageuza kiti, nikasukuma;
ule mteremko sasa ni mlima.

"Na yule?"
Korongo hajatikisika.
"Ana mabawa, mama."
"Najua ana mabawa. Nauliza nani kamwambia."

Tulisimama langoni. Mlinzi akitazama saa, kimya.
Maji yakaja, si kwa kishindo,
yamebeba matawi na chupa moja,
rangi ya chai ya maziwa.
Mama aliyatazama mpaka mlinzi akakohoa.

"Leo siku gani?"
"Alhamisi."
"Basi," akasema, akijifunika shali magotini,
"hii si yangu."