Kengele ya Ukutani

Kabla ya mashine za mabango ya plastiki
mkono wangu ndio uliosema kwa niaba ya Majengo:
KINYOZI. MKAA UPO. USIKOJOE HAPA.
Na ng'ombe mwekundu mlangoni pa bucha la Mbarak
ambaye watoto walimwamkia.

Huu mwaka wa tatu, hakuna aniitaye.
Feisali, kijana wa mashine, apitapo huniuliza,
"Fundi, hizo brashi bado zaota nywele?"
na baraza zima hucheka.

Basi alipokuja Bwana Kassamali wa Nyali
na simu iliyopasuka kioo,
akataka picha ya Uhispania, ya kale, ya mkono,
mita tatu kwa mbili, ya ukuta wa mkahawa wake mpya,
sikuuliza ni picha ya nini.
Nilisema ndiyo. Nilisema nusu kwanza.

Usiku nikaikuza kwa vidole viwili.
Mfalme aliyetolewa kwenye nyumba ya watawa,
joho jeusi, uso wa mtu aliyelala na njaa.
Mabwana wakubwa walimcheka:
kichwa cha kuku, walisema, hakistahimili kilemba.
Naye akawaita. Njooni, nimeunda kengele
itakayosikika ufalme mzima.
Wakashuka ngazi kuitazama.
Vichwa vya wenzao sakafuni, duara,
na kimoja katikati, kinaning'inia kwa kamba,
ulimi wa kengele.

Miezi miwili.
Weusi wa joho niliupata kwenye masizi ya taa ya Esha.
Mawe ya ngazi niliyaiba Ngomeni, upande wa kivuli.
Na damu ni ile nyekundu ya kopo la zamani,
iliyobaki nilipoandika NYAMA kwa Mbarak.
Esha alihama chumba.
"Vichwa kumi na vitatu! Malaika wapite wapi?"
Kila magharibi niliigeuza turubai itazame ukuta,
na ukuta, maskini, ukatazamwa.

Tabu ilikuwa nyuso.
Kwenye simu zilikuwa madoa tu,
nami siwezi kuchora mtu nisiyemjua.
Cha kwanza nilimpa Mbarak, anisamehe.
Cha pili, mwenye nyumba.
Cha tatu, shemeji yangu aliyekwenda Doha na kiberiti changu cha gesi.
Kile cha kamba nikampa Feisali,
kwa raha, kwa brashi ndogo kuliko zote,
hadi kidoti cha shavuni.
Kisha nikakaa kitako nikakitazama.
Kilikuwa kitoto. Kilikuwa na swali mdomoni.
Alfajiri nikakifuta kwa tambara na mafuta ya taa,
nikashika kioo cha kunyolea,
nikajichora mimi.

Bwana Kassamali alisimama mbele yake, akameza mate.
"Fundi, watu watakula hapa."
Ndiyo picha uliyoleta, nikamwambia.
"Kwenye simu nilidhani ni matikiti."

Seremala wake, Nzaro, hakuwa na moyo wa kukata.
Aliikunja turubai, futi moja u nusu, nyuma ya fremu,
akapiga misumari.
Kila msumari niliuhisi utosini.

Nimekwenda mara moja, kudai salio.
Mabwana wako ngazini, mikono midomoni.
Kamba imebaki: yashuka, yashuka, hadi kwenye fremu,
haikushika kitu.
Wote wanatazama chini, pale picha inapoishia,
na pale picha inapoishia pana meza namba nne,
watu wa nyumba moja, keki, sahani ya kamba wa kukaanga.
"Mama, wale wanaogopa nini?"
Mama akatazama ukuta. Akatazama sahani.
"Kula."

Mhudumu akaniambia tajiri hayupo, nirudi Jumatatu.
Nikasema sawa.
Sikuondoka mara moja.
Nilisimama kidogo, sikio upande wa ukuta.