Tofali Lililokohoa

Jiko la shangazi Dorsila, huku Kano, njia ya Ahero,
lilijengwa kwa matofali mabichi.
Pesa za kuni za tanuri zilikuwa zimeishia hospitali,
basi Obuya akayaanika tu juani,
akayapanga, akasema: Yatashika.

Yalishika. Miezi kumi na mmoja.

Machi mvua ikaja kwa hasira, kama mdai,
paa likavuja pembeni, ulipo mtungi,
na usiku ule ukuta ukakohoa.

Si panya. Panya hakohoi hivyo.
Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyelala sana,
anayepapasa gizani
mahali alipoweka kifua chake.

Shangazi akawasha tochi ya simu.
Tofali moja, safu ya tatu, lilikuwa limelainika,
linapumua,
na ufa wake ukatoa pua,
kisha jicho dogo lisiloharakishwa na lolote,
kisha kamongo mzima, akijikunjua, akijikunjua,
mrefu kuliko siri ambayo tofali linaweza kuficha,
amevaa utando mkavu kama karatasi ya hati za zamani.
Akaanguka puu kwenye majivu.

Obuya akasema: Mboga hiyo.
Panga alikwisha kulishika.
Shangazi akasema: Amekaa kwangu karibu mwaka.
Mpangaji haliwi.

Nikamtia kwenye karai la kufulia.
Akazama, akapanda, akapiga funda la hewa,
hewa ileile niliyokuwa nikivuta mimi,
yenye moshi, yenye omena wa jana.

Shuleni nilifundishwa kwamba wa kale wamekwisha:
majitu ya mifupa, ukurasa wa tisini,
kitabu chenye jalada lililong'oka.
Hakuna aliyeniambia kuwa mmoja wao
yumo ukutani, karibu na kopo la chumvi.

Wanasema Nam Lolwe liliwahi kukauka,
lote, nyasi zikaota palipokuwa na kina.
Yeye alikwishakuwapo.
Alijifunika macho kwa mkia
akangoja ziwa lizaliwe tena.
Sisi tunaliita mama. Kwake ni kitukuu.

Alfajiri nilimbeba hadi mfereji wa mpunga.
Nilikuwa na maneno tayari, ya kumuaga,
maana si kila siku mtu hubeba umri wa namna ile
katika karai lililopasuka ukingo.
Akaniuma kidole.
Akaenda. Tope likafunga mlango.

Obuya ameziba pengo kwa tofali la kuchomwa,
jekundu, zuri, bubu.
Mimi bado huweka sikio kwenye yale mengine,
safu ya nne, safu ya tano,
na kovu la kidole hunicheza
kila wingu linapokusanyika upande wa Nandi.